Umaarufu na Hadhi ya Jacques Derrida Mbele ya Wanafalsafa Wenzake: Tathmini kwa Jicho la Isimu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hadhi ya mwanafalsafa Mfaransa Jacques Derrida (1930–2004) miongoni mwa wanafalsafa wenzake, pamoja na uhusiano wa hadhi hiyo na umaarufu wake katika idara za fasihi. Yanachambua migogoro miwili, yaani mjadala wake na John Searle na kura ya Chuo Kikuu cha Cambridge ya mwaka 1992, kisha yanaipima kwa data ya Kiswahili hoja yake kuhusu sauti na maandishi. Makala yanadai kwamba wengi wa wafuasi wake na wengi wa wapinzani wake walitenda kosa la aina moja: waliligeuza soko la mawazo kuwa mahakama ya hoja. Kosa hilo lina athari kwa uhakiki wa Kiswahili, ambao umeipokea nadharia ya udenguzi kwa njia ya umaarufu zaidi kuliko kwa njia ya usomaji.

1.0 Utangulizi

Ni nadra katika historia ya falsafa ya karne ya 20 kumpata mtu aliyetajwa na wengi kiasi cha Derrida na wakati huohuo akakataliwa na wanafani wenzake kwa ukali wa kiasi kile. Wapo waliomhesabu kuwa mmoja wa wanafikra wakuu wa zama zake. Wapo pia waliosema hadharani kwamba alichokiandika hakistahili kuitwa falsafa. Makundi haya mawili yalikuwa na wasomi wa kutosha, kwa hiyo tofauti yao haiwezi kuelezwa kwa ujinga wa upande mmoja.

Ili tuuelewe mgawanyiko huo, tunahitaji kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni umaarufu, yaani kujulikana, kutajwa, kutafsiriwa na kualikwa. La pili ni hadhi ya cheo: nafasi anayopewa mtu na taasisi za fani yake. La tatu ni hadhi ya hoja, yaani uamuzi wa wajuzi kwamba dai fulani lina uzito na linastahili kujibiwa. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Derrida, kama itakavyoonekana, alikuwa na la kwanza kwa wingi, la pili kwa mashaka, na la tatu kwa viwango tofauti kutegemea dai lipi linapimwa. Hatua ya mwisho ndiyo ambayo waamuzi wake wengi waliiruka.

2.0 Ufaransa: Sifa bila Kiti

Derrida alizaliwa El Biar, Algeria, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1942, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, alifukuzwa shule kutokana na sheria za utawala wa Vichy dhidi ya Wayahudi. Baadaye alisoma katika École normale supérieure jijini Paris, ngome ya elimu ya falsafa nchini Ufaransa. Kazi yake ya kwanza iliyochapishwa ilikuwa tafsiri ya insha ya Edmund Husserl kuhusu chimbuko la jiometri, ikiwa na utangulizi mrefu kuliko insha yenyewe (1962). Kazi hiyo ilipata tuzo ya Jean Cavaillès mwaka 1964, tuzo inayohusishwa na falsafa ya sayansi na mantiki. Mwaka 1967 alitoa vitabu vitatu kwa mpigo: *De la grammatologie*, *L'écriture et la différence* na *La voix et le phénomène*. Hata asiyekubaliana naye hawezi kukana kwamba aliingia falsafa kwa mlango wa mbele.

Hata hivyo, taasisi za nchi yake zilimweka barazani. Alifundisha katika École normale kuanzia 1964 hadi 1984 bila kupewa cheo cha profesa. Shahada ya juu ya kidola aliipata mwaka 1980, akikaribia umri wa miaka hamsini, tena kwa kutetea kazi zilizokwisha kuchapishwa. Jaribio la kumweka katika kiti cha falsafa alichokiacha Paul Ricoeur huko Nanterre halikufaulu. Mwaka 1984 alihamia École des hautes études en sciences sociales, taasisi yenye heshima lakini iliyo nje ya mfumo wa kawaida wa vyuo vikuu. Pierre Bourdieu alionyesha kwamba hali hii haikuwa ya Derrida peke yake: wengi kati ya wanafikra Wafaransa waliovuma ng'ambo walikaa pembezoni mwa chuo kikuu cha nyumbani, mbali na mamlaka ya kuongoza tasnifu na kuajiri walimu.

Tusikosee, hata hivyo, kwa kudhani kwamba kukosa kiti kulikuwa kukosa wasomaji miongoni mwa wenzake. Mwaka 1963 Derrida aliusoma upya ukurasa wa Descartes ambao Michel Foucault alikuwa ameutegemea katika historia yake ya wendawazimu. Foucault alimjibu mwaka 1972 kwa ukali mkubwa, lakini alimjibu kwa kurudi kwenye matini ya Descartes, neno kwa neno. Emmanuel Levinas aliandika insha juu yake. Ricoeur aliipinga nadharia yake ya sitiari katika *La métaphore vive* (1975), naye akaitikia. Jacques Bouveresse, mtetezi wa falsafa ya uchanganuzi nchini humo, alikishambulia kizazi kizima cha wanafikra hao mwaka 1984. Katika mabishano haya, hadhi ya Derrida ilikuwa ikipimwa kwa kitu kinachopimika, yaani usomaji wake wa Descartes, wa Husserl au wa Aristotle. Alishinda mahali fulani na kushindwa mahali pengine, kama ilivyo desturi ya mijadala ya kitaaluma.

3.0 Marekani: Soko la Idara za Fasihi

Umaarufu wa kimataifa ulianzia mahali pengine. Mwezi Oktoba 1966 Derrida alitoa mhadhara katika kongamano la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, lililokusudiwa kuwatambulishia Wamarekani nadharia ya umuundo. Yeye aliuhoji umuundo huo kabla haujapata makazi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 akawa mgeni wa kila mwaka katika Chuo Kikuu cha Yale, ambako Paul de Man, J. Hillis Miller na Geoffrey Hartman walikuwa wakifundisha fasihi. Mwaka 1976 Gayatri Chakravorty Spivak alichapisha tafsiri ya Kiingereza ya *De la grammatologie*. Waliompokea walikuwa hasa wahakiki wa fasihi.

Mwanasosholojia Michèle Lamont alilichunguza jambo hili katika makala yake ya mwaka 1987 katika *American Journal of Sociology*. Dai lake ni kwamba nadharia ya kifasili haipati uhalali kutokana na thamani yake ya ndani tu, bali kutokana na jinsi inavyoafikiana na mazingira ya kitaasisi na ya kitamaduni. Nchini Ufaransa kulikuwa na hadhira pana ya wasomi nje ya vyuo, iliyozoea majarida ya fikra na mtindo mgumu wa uandishi. Huko Marekani kulikuwa na idara kubwa za fasihi zilizohitaji mbinu mpya ya usomaji. Kazi ileile iliuzwa katika masoko mawili kwa sababu mbili tofauti.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hiyo inachukulia kwamba soko ni dirisha tu la kuonyeshea bidhaa. Lamont anatufundisha kwamba soko lina mikono: huchagua, hufungasha na kubandika jina. Wahakiki wa Marekani walikuwa na mazoea ya miongo kadhaa ya usomaji wa karibu wa shairi. Walipompata Derrida walipata usomaji wa karibu zaidi, wenye mamlaka ya falsafa nyuma yake. Idara za falsafa za nchi hiyo, kwa upande wao, zilitawaliwa na falsafa ya uchanganuzi, ambamo Husserl na Heidegger, nguzo mbili za Derrida, walisomwa na wachache.

Lakini maelezo ya Lamont yana mpaka wake, na mpaka huo usivukwe. Kueleza kwa nini nadharia imeenea si kueleza kwamba ni ya uongo. Nadharia ya kweli nayo huhitaji wachapishaji, watafsiri na vyuo ili ienee. Atumiaye sosholojia ya umaarufu kama silaha ya kukanusha hoja amechanganya historia ya dai na uthibitisho wake.

4.0 Migogoro Miwili

*4.1 Derrida na Searle*

Mwaka 1971, jijini Montreal, Derrida alisoma makala kuhusu nadharia ya vitendo-uneni ya J. L. Austin. Makala hayo yalipotoka kwa Kiingereza mwaka 1977 katika jarida la *Glyph*, yaliandamana na jibu la John Searle. Derrida akarudisha jibu refu mara kadhaa kuliko la Searle, lililojaa mizaha juu ya jina la mpinzani wake. Yalipokusanywa katika kitabu *Limited Inc* mwaka 1988, Searle alikataa makala yake yasiwemo.

Kelele za ugomvi huo zilizima swali lenyewe, ambalo ni la kiisimu kabisa. Austin, alipokuwa akifafanua masharti ya kauli tendi, aliziweka kando kauli za mwigizaji jukwaani au za shairi, akiziita za kupe, yaani zinazoishi kwa kutegemea matumizi ya dhati. Derrida alidai kwamba kauli yoyote hufanya kazi kwa sababu inaweza kurudiwa katika muktadha mwingine. Kwa hiyo uwezekano wa kunukuliwa au kuigizwa ni sehemu ya umbo lake. Searle alijibu kwamba Austin alikuwa akipanga tu hatua za utafiti, na kwamba Derrida alichanganya kurudiwa kwa ishara, kunukuliwa kwake na kudumu kwa maandishi.

Jamii za Waislamu wa mwambao zina mfano unaotusaidia kuamua. Kwa kauli ya wanazuoni wengi wa fikihi, mume anayemtamkia mkewe neno la talaka kwa mzaha amekwisha kumwacha: mzaha na dhati katika hilo ni sawa. Hapa sharti la udhati ambalo Austin alilichukulia kuwa la kawaida halipo. Derrida angefurahi, kwa kuwa mpaka kati ya dhati na mchezo umeonekana kuwa kazi ya kaida. Lakini fikihi hiyohiyo haimhesabu kuwa ameacha mke yule mwalimu anayeisimulia kauli ya talaka darasani, wala msomaji anayeisoma kitabuni. Maana yake ni kwamba mzaha na nukuu ni vitu viwili, na jamii ina uwezo wa kuvitenganisha kwa kanuni za wazi. Searle, basi, alikuwa sahihi kudai kwamba Derrida aliviunganisha vitu ambavyo vingetenganishwa. Derrida alikuwa sahihi kudai kwamba mpaka wa Austin haukuwa wa kimaumbile. Uamuzi wa aina hii, unaogawa haki kwa pande zote mbili, ulisikika kwa nadra katika miaka iliyofuata, kwa sababu kila kambi ilikuwa imekwisha kumhesabu mwenzake kuwa si mshindani halali.

*4.2 Kura ya Cambridge*

Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipendekeza kumtunukia Derrida shahada ya heshima. Wanazuoni wanne wa chuo hicho walilipinga pendekezo hilo, ikabidi kura ipigwe. Tarehe 9 Mei gazeti la *The Times* lilichapisha barua iliyotiwa saini na wasomi kumi na wanane, akiwemo W. V. Quine wa Harvard, Ruth Barcan Marcus wa Yale, David Armstrong wa Sydney na mwanahisabati Mfaransa René Thom. Wiki moja baadaye kura zilihesabiwa: 336 za kuunga mkono na 204 za kupinga. Derrida akapewa shahada yake.

Barua hiyo inastahili kusomwa kama hati ya nadharia ya hadhi. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba kazi za Derrida hazifikii viwango vya uwazi na umakinifu. Ya pili ilikuwa kwamba athari yake imeonekana karibu yote nje ya idara za falsafa, katika idara za filamu, za Kifaransa na za Kiingereza. Yaani, umaarufu wake kwa majirani ulitolewa kuwa ushahidi dhidi yake kwa wenyeji. Kwa kipimo hicho Freud angeanguka, na Aristotle wa washairi angetiliwa shaka. Tena, ilimhusisha na mchezo wa maneno ambao yeye alikana kuwahi kuuandika. Barua iliyodai umakinifu haikuleta ukurasa wowote wa Derrida ukachambuliwa mbele ya msomaji.

Lakini washindi wa kura nao hawakuthibitisha lolote kuhusu falsafa. Kura 336 ni idadi ya walioinua mkono katika chuo chenye fani zote, pamoja na wengi ambao hawakuwa na sababu ya kitaaluma ya kumsoma. Ikiwa kosa la barua lilikuwa kuuchukulia umaarufu kuwa doa, kosa la shangwe zilizofuata lilikuwa kuuchukulia ushindi wa kura kuwa cheti cha hoja. Yote mawili yalikwepa kazi ileile.

5.0 Sauti, Maandishi na Ushahidi wa Kiswahili

Kazi hiyo ni kupima dai moja moja. Nitachagua lile linaloihusu isimu moja kwa moja. Katika *De la grammatologie* Derrida anamkosoa Ferdinand de Saussure kwa kuyafanya maandishi kuwa mtumishi wa sauti, ilhali Saussure huyohuyo anasema kwamba lugha ni mfumo wa tofauti, na hata huzitumia herufi kama mfano anapoifafanua dhana hiyo. Ikiwa thamani ya ishara hutokana na tofauti na wala si na mata ya sauti, kwa nini sauti ipewe ukuu?

Swali hilo ni zuri, na wanaisimu tuna deni la kulijibu. Tuchukue dhana ya neno. Kiswahili huandika *ninampenda* kama neno moja, na Kizulu huandika *ngiyamthanda* vivyo hivyo. Kisotho huandika *ke a mo rata* kwa vipande vinne, ingawa viambishi vyake vina kazi zinazolingana na vya wenzake. Ukomo wa neno ambao sarufi zetu huuanza kama jambo lililo wazi umewekwa kwa kiasi kikubwa na waliobuni othografia. Hapa maandishi hayakuakisi tu lugha. Yalisaidia kuunda kitu ambacho wanaisimu walikuja kukichunguza. Katika hili Derrida aliona jambo ambalo wanafani wetu wengi walilipita.

Hata hivyo, mfano wake maarufu zaidi unazaa tatizo. Katika mhadhara wake wa Januari 1968 mbele ya Société française de philosophie, alilifafanua neno lake *différance*, ambalo kwa herufi moja linatofautiana na neno la kawaida la Kifaransa *différence*, lakini kwa matamshi halitofautiani nalo hata kidogo. Tofauti huonekana na haisikiki. Kwake hiyo ni ishara kwamba sauti haijitoshelezi. Sasa tutazame Kimvita. Katika lahaja hiyo *paa* la nyumba hutamkwa bila mpumuo, na *paa* mnyama, nomino ya ngeli ya 9, hutamkwa kwa mpumuo. Othografia sanifu huyaandika kwa namna moja. Tofauti husikika na haionekani. Vilevile, waandishi wa tendi kwa hati za Kiarabu walikuwa na alama tatu za irabu kwa lugha yenye irabu tano. Msomaji alilazimika kuileta lugha kichwani mwake ili maandishi yasomeke.

Kwa hiyo mfano wa *différance* hauthibitishi jambo kuhusu maandishi kwa jumla. Unathibitisha jambo kuhusu othografia ya Kifaransa, ambayo huhifadhi tofauti za kihistoria zilizokwisha kupotea kinywani. Mtetezi wake atajibu kwamba kwa Derrida maandishi hayana maana ya herufi tu, bali ni jina la mfumo wowote wa tofauti, sauti ikiwemo. Jibu hilo ni sahihi kimatini, lakini lina gharama. Maandishi yakiwa na maana hiyo pana, dai kwamba hutangulia usemi linakaribia kuwa dai la Saussure mwenyewe kwa jina jipya. Yakiwa na maana ya kawaida, dai hilo linapingana na ukweli kwamba lugha nyingi zimeishi bila herufi. Nguvu ya kitabu hicho, pamoja na mengi ya utata wake, hutokana na kuhama kati ya maana hizi mbili bila kuupigia kengele uhamaji huo.

6.0 Udenguzi katika Uhakiki wa Kiswahili

Mjadala huu si wa Paris na Cambridge tu. Nadharia ya udenguzi imekwisha kupata makazi katika istilahi zetu, K. W. Wamitila ameieleza katika kazi zake za marejeleo ya uhakiki. Riwaya zilizovunja masimulizi ya kimapokeo, kama *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Euphrase Kezilahabi au *Babu Alipofufuka* (2001) ya Said Ahmed Mohamed, zimewavuta wahakiki kutafuta zana za kuyaeleza mambo ambayo uhalisia haukuyatosheleza. Mahitaji hayo ni halali.

Tatizo ni njia ya kupokea. Atakayepitia tasnifu zetu za uzamili ataitambua sura ya pili iliyozoeleka: mwasisi wa nadharia, mihimili yake, udhaifu wake, kisha sababu ya kuiteua. Derrida hutokea hapo kama mwasisi ambaye mihimili yake mitano au sita imenukuliwa kutoka kitabu cha utangulizi. Udenguzi hugeuka kuwa ubomoaji: mtahiniwa hutafuta jozi mbili za ukinzani katika riwaya, huzipindua, na kuhitimisha kwamba matini haina maana moja. Hitimisho hilo lingeweza kuandikwa kabla ya riwaya kufunguliwa. Kinachoazimwa hapa ni jina, ilhali usomaji wa Derrida, ambao hata wapinzani wake wa Ufaransa walilazimika kuujibu kwa kurudi kwenye matini, umeachwa bandarini.

Kwa namna hiyo tumeurithi umaarufu wa soko la Marekani bila kuurithi ugomvi ulioambatana nao. Mwanafunzi wetu hajui kwamba Searle alijibu nini, wala kwamba swali la Saussure linaweza kupimwa kwa Kimvita. Na anapokutana na msomi anayemdharau Derrida, hana la kumjibu ila kumtajia wingi wa wanaomtaja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hadhi ya Derrida miongoni mwa wenzake haikuwa moja. Wanafalsafa wa Ufaransa walimpinga kwa kumsoma huku taasisi zao zikimnyima kiti. Wahakiki wa Marekani walimpa kiti kwa sababu ambazo kwa sehemu zilikuwa zao wenyewe. Wapinzani wa Cambridge walimhukumu kwa sifa ya majirani zake. Kwa upande wa hoja, dai lake kuhusu kurudika kwa kauli linasimama kwa sehemu, swali lake kwa Saussure ni la maana, na mfano wake wa *différance* haubebi uzito aliouwekea.

Hukumu ya namna hii haimfanyi nabii wala laghai. Inamfanya mwandishi wa madai ambayo baadhi ni sahihi, baadhi yana kasoro na baadhi yanangoja ushahidi. Ushahidi huo hauko Paris peke yake. Othografia yetu, tendi zetu za hati za Kiarabu na lahaja zetu zina data ambayo Derrida hakuwa nayo. Mtafiti wa Kiswahili anayeanza na data hiyo atakuwa na cha kumwambia Derrida, na sura yake ya nadharia haitahitaji kuwa orodha ya mihimili.